Fasihi haimpotezei muda mwanafunzi wa udaktari

Hapa Mbeya bado utasikia watu wakisema mwanafunzi wa udaktari asome anatomia na dawa. Fasihi na historia awaachie watu wa HKL, yaani wanaosoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na si sahihi.

Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa nchini Marekani. Kwa wastani, daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18.

Sasa mfikirie bibi aliyeshuka kwenye kosta kutoka Tukuyu. Anavua kandambili, anasugua nyayo, anasema: "Mjukuu wangu, nasikia kama siafu wananitembea miguuni." Asiyezoea tamathali za usemi atatafuta wadudu. Aliyezoea atamwacha amalize, atauliza kama usiku hali inazidi, kisha atampima sukari, maana kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu.

Ndiyo maana napenda masomo ya fasihi kwa madaktari yaanze mwanafunzi anapoingia wodini kwa mara ya kwanza, kabla mazoea hayajamkomaza. Asubuhi achukue maelezo ya mgonjwa; jioni ayaandike upya kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, wenzake wamuulize alichokiacha.