Kifungo cha nje si kuachiwa huru

Kuna sentensi inazunguka Dar es Salaam nzima, kuanzia Mbagala mpaka Bunju: "Si kafungwa kifungo cha nje? Basi kaachiwa huyo, pesa imeongea." Utaisikia kwenye mwendokasi, kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na siku hizi hata redioni, kwa watangazaji ambao kazi yao ni kutupasha habari. Ipo na ya pili, ambayo wengi hata hawaioni kuwa ni kosa. Mtu anasema shemeji yake "yuko kifungo cha nje", ukimdadisi kidogo unagundua shemeji yuko nje kwa dhamana, kesi ndiyo kwanza inatajwa, upelelezi haujakamilika. Hiyo ya pili inaumiza zaidi, na ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Maana yenyewe ni fupi. Kifungo cha nje ni adhabu ya mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, anayeitumikia akiwa anaishi nje ya gereza, kwa masharti ambayo akiyavunja yanamrudisha mbele ya hakimu au nyuma ya ukuta. Pasipo hatia hakuna kifungo cha nje. Pasipo masharti pia hakuna.

Tatizo ni kwamba ukipekua sheria zetu hukuti adhabu moja yenye jina hilo. Ni jina la mtaani na la magazetini, na limebebeshwa mambo kadhaa ambayo kila moja lina sheria yake. La kwanza ni kuachiwa kwa masharti, chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu. Hakimu anakutia hatiani, anaona kukuadhibu papo hapo hakuna faida, anakwambia nenda lakini usitende kosa kwa muda fulani, usiozidi miezi 12. Ukiteleza ndani ya muda huo, unaweza kuadhibiwa kwa kosa jipya na kwa lile la zamani pia. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2020, Mahakama ya Kisutu ilipomtia hatiani Zitto Kabwe kwa maneno ya uchochezi na kumwachia kwa sharti la kutotoa maneno ya namna hiyo kwa mwaka mmoja. Siku hiyo baadhi ya watu walishangilia kwamba ameshinda kesi. Hakushinda. Alitiwa hatiani, na ndiyo maana sharti likawepo.

La pili ni uangalizi, ambao wazee wanauita probesheni. Hapa mtu anakabidhiwa kwa afisa anayemfuatilia, anajua anaishi wapi, anafanya kazi gani, anashinda na nani. La tatu ni huduma kwa jamii, na hili nitalirudia kwa sababu ndilo tunalolikosea zaidi.

Halafu kuna mawili ambayo hayatokani na hukumu ya siku ya kwanza. Parole, iliyoletwa na sheria ya mwaka 1994, inamhusu mtu ambaye tayari yuko gerezani, ametumikia sehemu ya kifungo chake, na bodi ikaridhika kwamba anaweza kumalizia uraiani. Wengi wetu tulilizoea neno hilo mwaka 2016, marehemu Augustine Mrema alipoteuliwa kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Na kuna utaratibu wa Magereza wenyewe wa kumtoa mfungwa wa muda mfupi afanye kazi nje bila kulala gerezani. Hayo mawili sitayachimba.

Sasa dhamana.

Mtu aliye nje kwa dhamana hajafungwa, si ndani wala nje. Hana adhabu yoyote. Ni mshtakiwa, na Katiba yetu, ibara ya 13, inasema asichukuliwe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa analo. Kilichomtoa ni ahadi: wadhamini wawili, pengine na barua za serikali ya mtaa, vitambulisho vya taifa, na fungu la pesa linaloandikwa kwenye hati, kwamba tarehe ikifika atakuwepo. Akishinda kesi anakwenda zake na wadhamini wanapumua. Akishindwa, hapo ndipo suala la adhabu linaanza.

Kwa nini basi napigia kelele jambo hili? Kwa sababu ukisema "yuko kifungo cha nje" juu ya mtu mwenye dhamana, umemhukumu kabla ya hakimu. Umewaambia mwenye nyumba wake, mwajiri wake, wakwe zake, kwamba ametenda. Nimeona mama lishe anakosa wateja pale Temeke kwa sababu mtoto wake "ni mfungwa wa nje", na mtoto mwenyewe alikuwa hata hajasomewa maelezo ya awali. Kesi ilikuja kufutwa. Wateja walichukua muda mrefu zaidi kurudi kuliko muda wa kesi yenyewe.

Na kosa hili linakata pande zote mbili. Mtu akizoea kwamba dhamana na kifungo cha nje ni kitu kimoja, siku akikutana na mtu aliyetiwa hatiani kweli na anayetumikia adhabu kweli, atamwona kama mtu ambaye kesi yake imeyeyuka. Ndipo "pesa imeongea" inapozaliwa. Sisemi rushwa haipo. Ipo, na TAKUKURU haikuundwa kwa ajili ya mapambo. Lakini hukumu inasomwa mahakama ya wazi. Anayedhani mtu kaachiwa kinyemela anaweza kwenda kwa karani kuulizia mwisho wa shauri kabla ya kumchafua hakimu kwenye grupu.

Msamaha wa Rais nao unachanganywa humo humo. Desemba 9, 2017, Rais Magufuli alipotangaza pale Dodoma kwamba Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha watoke, mji huu ulilipuka, na mpaka leo wapo wanaosema mahakama iliwaona hawana hatia. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuthibitisha hatia yao mwaka 2010, na ikawaachia watoto wengine wawili waliokuwa wamefungwa pamoja nao. Wale wawili waliachiwa na mahakama. Hawa wawili walisamehewa adhabu na Rais kwa madaraka ya ibara ya 45. Ni milango miwili tofauti, na hakuna kati yake ulio kifungo cha nje. Msamaha pia si lazima umtoe mtu: ibara hiyo hiyo inamruhusu Rais kupunguza sehemu tu ya adhabu, na mara nyingi ndicho kinachofanyika siku za Uhuru na Muungano.

Turudi kwenye huduma kwa jamii. Sheria yake ni ya mwaka 2002. Inamgusa mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka mitatu jela, au ambalo linaweza kuzidi lakini hakimu ameona kwa mazingira yake miaka mitatu au pungufu inatosha. Badala ya kumpandisha karandinga kwenda Keko au Segerea, mahakama inamwamuru afanye kazi ya umma bila malipo: zahanati, shule, barabara, bustani, ofisi za serikali. Ni lazima mwenyewe akubali. Akigoma au akitoroka, anarudishwa kwa hakimu, na hakimu anaweza kufuta amri hiyo na kumpeleka jela.

Zingatia hiyo miaka mitatu. Mara nyingi nasikia watu wakisema serikali inataka majambazi wafungwe nje. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, hakimu hana nafasi ya kushuka chini yake. Ubakaji ni vilevile, na ukimbaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Hao hawaingii kwenye mlango huu hata kwa kujipinda. Tunaozungumzia hapa ni aliyeiba kuku, aliyepigana baa, aliyetukana hadharani, aliyeharibu mali ya jirani katika ugomvi wa mpaka.

Mtaani kwetu, Tandika, kuna kijana aliyetiwa hatiani kwa kuiba betri ya bajaji. Alipewa huduma kwa jamii kwenye zahanati. Asubuhi anafika na ufagio wake wa chelewa, anafagia uwanja, anafyeka pembeni mwa ukuta, anamwaga taka. Msimamizi ana daftari, na kijana anasaini anapoingia na anapotoka. Afisa uangalizi anapita bila kutoa taarifa, anafungua daftari lile, anauliza wauguzi. Siku ambayo sahihi haipo, kijana anatakiwa kuwa na maelezo.

Lakini mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe amepata kibarua cha usafi. Aibu ya mzazi, naielewa kabisa. Matokeo yake mwenye bajaji, aliyetegemea kumwona kijana amepotea mtaani, anamkuta jioni kwenye genge la mama yake anakula chipsi. Hakuna aliyemweleza mwenye bajaji kitu. Hakuwepo siku ya hukumu, alikuwa barabarani anatafuta hesabu ya siku. Kwa hiyo yeye naye anasema kaachiwa, na mimi siwezi kumlaumu. Angeambiwa kwamba ipo adhabu, iko wapi, inaisha lini, na kwamba mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza pia kuamuru amlipe fidia aliyemkosea, pengine angeuliza habari ya fidia. Hilo ndilo lililokuwa na manufaa kwake kuliko kijana kulala Keko.

Najua tumetoka wapi na fikra hii kwamba adhabu ni jela na jela ni adhabu. Mtaani miaka ya kifungo inaitwa mvua: fulani kala mvua thelathini, fulani kala mvua mbili. Anayefagia zahanati hajala mvua yoyote, kwa hiyo hesabu ya mtaa inamwandikia sifuri. Sheria ya mwaka 1963 ya adhabu za chini iliweka kifungo na viboko 24, nusu siku ya kuingia na nusu siku ya kutoka, na kauli ya Mwalimu Nyerere kwamba akitoka akamwoneshe mkewe bado inarudiwa na vijana waliozaliwa baada ya yeye kufariki. Inarudiwa kwa hamu, mtu akikamatwa kwa rushwa. Viboko hivyo viliondolewa 1972, vikarudishwa baadaye, lakini hisia ile haikuwahi kuondoka. Na pale ambapo watu wanaona hata jela haitoshi, polisi wanatuletea ile taarifa tunayoijua kwa moyo, ya mtuhumiwa kuuawa na wananchi wenye hasira kali. Anayemwagiwa petroli mara nyingi ni mwizi wa simu. Ni mtu ambaye mbele ya hakimu huenda angepata miezi michache au ufagio.

Hasira hiyo ina asili yake. Mtu aliyeibiwa mtaji wote kwa usiku mmoja hana sababu ya kuwa mpole. Ninachoomba ni kwamba hasira isitumie jina lisilo lake. Ukisema "hukumu hii ni ndogo mno", tunaweza kubishana, na huenda una hoja. Ukisema "kaachiwa", hakuna cha kubishania, kwa sababu unachokilaumu hakikutokea.

Tena adhabu hii inategemea majirani kuliko adhabu nyingine yoyote. Kabla hakimu hajaitoa, afisa uangalizi huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii: anafika nyumbani, anakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anaongea na mjumbe, anauliza mtu huyu ana tabia gani, ana familia, ana makazi ya kudumu. Mtaa ukiamini kwamba kifungo cha nje ni njia ya wenye pesa kukwepa, mwenyekiti hatataka jina lake liwemo, na mjumbe atasema hamjui. Anayeumia ni yule asiye na pesa, asiye na wakili, ambaye taarifa nzuri ya mtaa ndiyo peke yake ingemtetea asiende kukaa selo moja na watu wa mvua thelathini.

Mwaka 2018 tulipata somo zuri na tukalipoteza. Elizabeth Michael, Lulu wa filamu, alihukumiwa na Mahakama Kuu miaka miwili Novemba 2017 kwa kuua bila kukusudia. Mei iliyofuata akatoka gerezani kumalizia adhabu yake kwa kifungo cha nje. Mitandao ikajaa "Lulu yuko huru". Hakuwa huru. Alikuwa na kazi za kufanya na muda wa kuumaliza, na uhuru wake ulikuja muda huo ulipokwisha.

Basi ndugu yangu, ukimwona mtu mtaani baada ya kesi na hujui kilichotokea, sema "yuko nje", inatosha. Kama kesi bado inaendelea, sema "ana dhamana". Kama mahakama imesema hana hatia, hilo ndilo la kuita "ameachiwa huru", na lisemwe kwa sauti kwa sababu anastahili. Kama Rais amemsamehe, sema "amesamehewa". Na kama anafagia zahanati kwa amri ya hakimu, sema anatumikia kifungo, hata kama jioni unamkuta nyumbani kwao.