Filamu za diaspora ya Asia Kusini ni zipi hasa?

Ukitaja filamu ya Kihindi mbele ya watu wa Dar au Mombasa, wengi watakumbuka Amitabh Bachchan, nyimbo kila baada ya robo saa, na mama anayelia hadi pazia lishuke. Filamu za diaspora ni habari nyingine, hata kama waigizaji wakati mwingine ni walewale. Zinawahusu watu wenye asili ya India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka au Nepal (huku kwetu wote tumezoea kuwaita Wahindi) waliohamia nchi za watu, na nyingi hutengenezwa na wahamiaji wenyewe au watoto wao. Usizitambue kwa sari wala biriani. Zitambue kwa maswali yake: nani aliondoka, aliacha nini, na huko alikofika anahesabiwa kuwa nani.

Chukua Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, ile ya Shah Rukh Khan na Kajol. Inaanza London, baba mwenye duka akilisha njiwa Trafalgar Square huku roho yake iko kwao Punjab, kaskazini mwa India. Vijana wawili wa hadithi wamekulia Uingereza. Hata hivyo hii ni filamu ya Mumbai, inayowatazama walioko ughaibuni kwa macho ya waliobaki nyumbani. Punjab yake ni mashamba ya haradali yaliyochanua, na wasiwasi wake mkubwa ni kama watoto wa nje bado wana adabu za kwao. Ni tamu, sikatai. Lakini mtoto wa Southall, mtaa wa London wenye Wahindi wengi, angekuwa na maswali mengine kabisa.

Aliyeyauliza ni mwongozaji Gurinder Chadha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960 na kulelewa hukohuko Southall, London ya magharibi. Bend It Like Beckham (2002) imeuzwa kama kichekesho cha binti wa Kisingasinga anayetaka kucheza mpira wakati mama anataka ajue kupika. Mimi nakushauri umtazame baba. Anamkataza binti, na kwa muda mrefu unamwona mkoloni tu wa nyumbani. Kisha anaeleza: ujanani Nairobi alikuwa mrusha mpira hodari wa kriketi, timu yake ya shule ilitwaa kombe la Afrika Mashariki. Alipofika Uingereza, klabu za Wazungu zilimcheka kilemba chake na kumfukuza. Hataki binti yake aonje aibu hiyo. Ndani ya maneno machache unapata safari nzima: Punjab, Kenya, kisha London, na kila kituo kimemwachia kovu lake. Watu wa namna hii, waliohama mara mbili, wamejaa katika filamu za diaspora, na njia yao imepitia kwetu.

Mfano mkubwa zaidi ni Mississippi Masala ya Mira Nair, ya 1991. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Jay, wakili aliyezaliwa Kampala, anaondoka na mkewe na binti yao mdogo, Mina. Miaka mingi baadaye wako Greenwood, Mississippi, miongoni mwa Wagujarati wenye moteli, na Mina anapendana na Demetrius, Mmarekani mweusi anayesafisha mazulia. Denzel Washington ndiye Demetrius, kwa hiyo wengi huikumbuka kama filamu ya mapenzi tu. Nair anafanya jambo gumu zaidi ya hilo. Familia iliyofukuzwa kwa sababu ya rangi yake inaanza kumpima mtu mwingine kwa rangi yake, na filamu haiwaonei haya. Jay anaidai serikali ya Uganda mali yake kwa barua na kesi, lakini kinachomuuma ni kauli ya rafiki yake wa utotoni, Okelo, kwamba Afrika ni ya Waafrika weusi. Aliondoka bila kumuaga. Anaporudi Kampala, anaambiwa Okelo alikwisha kufa zamani. Lawama yangu moja: Okelo anabaki kuwa donda la Jay kuliko kuwa mtu mwenye maisha yake, na mtazamaji wa Kampala ana haki ya kunung'unika. Nair mwenyewe hakuipa Uganda kisogo. Wakati wa utafiti wa filamu hiyo ndipo alipokutana na Mahmood Mamdani, msomi aliyekuwa miongoni mwa waliofukuzwa, wakaoana. Mwaka 2004 alianzisha Kampala programu ya mafunzo iitwayo Maisha kwa watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki.

Siku hizi dhana yenyewe imepanuka, na nadhani imepanuka vizuri. All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, iliyopata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2024, haitoki India hata hatua moja. Prabha ni nesi kutoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, anayefanya kazi Mumbai. Mumewe yuko Ujerumani na simu zimekatika. Siku moja linaletwa sanduku lisilo na jina la aliyetuma: jiko la umeme la kupikia wali, limetengenezwa Ujerumani. Usiku Prabha anapiga magoti sakafuni na kulikumbatia. Hakuna mhamiaji ndani ya chumba kile, lakini ni hadithi ya diaspora kama ilivyo ya Jay.

Mwaka huohuo ikatoka Aadujeevitham ya Blessy, kwa Kimalayalam, lugha ya Kerala. Najeeb anakwenda Saudia akitegemea kazi ya kampuni, anajikuta jangwani anachunga mbuzi chini ya bosi asiyemwachia. Hapa hakuna moteli wala ndoto ya kriketi. Ni ndefu, na baadhi ya sehemu za mchangani zingepunguzwa. Ila mwenye ndugu aliyepanda ndege kwenda Riyadh kwa ahadi za wakala hatahitaji kuelezwa kwa nini Najeeb alisaini.