Je, wajua kwa nini karanga hufunguliwa mdomoni, si tumboni?

Basi likisimama Makambako, karanga za kukaanga hufika dirishani zikiwa zimefungwa kwenye karatasi. Abiria huzimimina kiganjani, hupuliza maganda, hutupia mdomoni, hutafuna mara mbili tatu, humeza. Je, mafuta yote yaliyomo yanaingia mwilini?

Kwa miaka mingi ningejibu ndiyo. Niliamini tindikali ya tumboni huyeyusha kila kitu, na kazi ya meno ni kulainisha tonge lisikwame kooni tu. Si kweli, na wengi bado wanaamini hivyo. Tindikali hiyo ni kali kweli, lakini nyuzinyuzi haiziwezi, na vimeng'enya vyetu, yaani kemikali za mwili zinazovunja chakula, navyo haviziwezi. Aliyewahi kula mahindi ya kuchemsha kwa haraka anaujua ushahidi: kesho yake ganda la punje hutoka kama lilivyoingia. Karanga nayo, nje hadi ndani, imejengwa kwa kuta za nyuzinyuzi.

Chukua sega la asali. Asali imo kwenye vyumba vidogo, kila kimoja kimezibwa kwa nta. Ukikata kwa kisu, inayovuja ni ya vyumba vilivyopitiwa na kisu. Vya jirani vimebaki vimefungwa. Kata tena, vinafunguka vingine. Karanga ni sega la mafuta, na vyumba vyake ni seli. Kwenye lozi, zilizochunguzwa sana, seli ina upana wa kama sehemu 3 kati ya 100 za milimita. Kwa hiyo chenga ya milimita 1, ambayo ulimi unaiona imeshasagika, bado ina vyumba kama 30 toka ukingo hadi ukingo. Vilivyopasuka ni vya nje. Vya katikati hupita tumboni na kwenye utumbo mdogo na mafuta yake, hadi utumbo mpana. Huko bakteria hula sehemu, nyingine huenda chooni.

Hili limepimwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1980, waliokula karanga nzima walipoteza chooni karibu asilimia 18 ya mafuta. Waliokula siagi ya karanga, asilimia 7. Mwaka 2009 watu walitafuna lozi mara 10, 25 au 40: waliotafuna mara 10 ndio waliopoteza mafuta mengi zaidi. Lakini walikuwa watu 13 tu, na lozi si karanga, kwa hiyo nisingemwambia mtu ahesabu.

Ukitaka kuona kwa macho, simama karibu na kinu Iringa, karanga zinapotwangwa za kuungia majani ya maboga. Mwanzoni ni unga mkavu. Mchi ukiendelea, unga unashikana, unang'aa, na mafuta yanapaka ncha ya mchi. Hakuna aliyeongeza tone, kuta zimepasuka. Ndiyo maana bibi asiye na meno, akila mboga hiyo, hupata mafuta mengi kuliko mjukuu wake anayemeza karanga zile zile nusunusu.