Kupiga teke si kuutupa mpira

Nafundisha raga ya wachezaji 15 hapa Nairobi, na kila msimu mchezaji mgeni huniuliza lile lile: "Kocha, mbona tunawapa mpira?" Wazazi huuliza pia. Mashabiki wa runinga wao wamekwisha kata shauri: timu ya mateke ni ya waoga, anayetaka ubingwa na akimbie.

Dhana: Ukipiga teke umemzawadia mpinzani

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, na najua inakotoka. Wakenya tumelelewa na raga ya saba kila upande. Kule nafasi ni tele na mwenye mpira ndiye mwenye mchezo. Watie watu 30 kwenye uwanja ule ule uone kama nafasi hizo zitabaki. Ukianza mbio ndani ya mita 22 zako, yaani karibu na mstari wako wa goli, kila mwenzako akiangushwa lazima wengine wawahi raki, lile kundi linalosukumana juu ya mpira ulio chini. Akichelewa mmoja tu, mpinzani anainama, anaushika mpira, refa anapuliza: penalti yao. Ni pointi 3, au wanapiga nje, laini-auti (mpira unarushwa kutoka pembeni) mita tano kutoka mstari wako, mol (kundi linamsukuma mbele mwenye mpira akiwa wima), trai (mpira unatuliwa nyuma ya mstari wa goli). Hukupiga teke, na mpira wameupata, tena mlangoni pako.

Sasa tazama teke la juu la skramu-hafu, mchezaji anayeutoa mpira kwenye raki, likipigwa sawasawa. Mafowadi, wale wanane wa mbele, wanajipanga nyuma ya raki, mmoja akimshika mwenzake, ili mpigaji asifikiwe. Mpira unakaa hewani kama sekunde nne na kushuka mita 25 mbele. Winga, akiwa nyuma ya mpigaji, anachomoka mara mguu unapogusa mpira, anafika nao ukiwa bado juu. Hapo mpira ni wa atakayeruka vizuri. Mpinzani akiudaka, anaangushwa papo hapo na sisi tumekwisha panda mita 25. Ukimponyoka, ngome yao imevurugika, na hapo ndipo pa kukimbia! Tangu mwishoni mwa 2024, marefa walipoanza kuwabana wanaomzibia njia anayefukuzia mpira, teke hili limezidi makali.

Teke baya lipo: lile lisilofukuziwa. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu, mkitazama mechi msimkodolee macho mpigaji, watazameni wanaokimbia nyuma yake.

Dhana: Mateke huua trai

Afrika Kusini ilitwaa Kombe la Dunia 1995 na 2007 bila trai hata moja kwenye fainali. Trai yake ya kwanza katika fainali ilikuja Yokohama mwaka 2019, dhidi ya Uingereza. Makazole Mapimpi alidokoa mpira kwa mguu juu ya mabeki, Lukhanyo Am akauokota, akamrudishia, Mapimpi akaenda kuutua. Iliisha 32-12. Hiyo trai mnaisifu kila siku. Ilizaliwa na teke.

Dhana: Springboks hawajui kukimbia

Septemba 2025 Springboks, yaani timu ya taifa ya Afrika Kusini, waliichapa New Zealand 43-10 mjini Wellington, kisha Argentina 67-30 mjini Durban, Sacha Feinberg-Mngomezulu akifunga pointi 37 peke yake. Tusibishane.

Dhana: Mpiga mikwaju hutafutwa baadaye

Katika Kombe la Dunia la 2023 Springboks walifungwa na Ireland 13-8 kwenye makundi, wakiwa wamepoteza pointi 11 kwa mikwaju iliyokosa milingoti. Mechi iliyofuata akapangwa mpiga mikwaju Handré Pollard. Nusu fainali dhidi ya Uingereza, penalti yake ya mwisho ikaleta 16-15. Fainali ikaisha 12-11, pointi zote 12 zake. New Zealand ndio waliofunga trai pekee ya usiku ule, na mkwaju wa kuiongezea pointi 2 ukakosa. Klabu zetu bado zinafanya zoezi la mikwaju mazoezi yakiisha, watu wakivua viatu.

Dhana: Kombe la 2027 litaamuliwa na nani anakimbia zaidi

Hakuna taifa lililotwaa kombe mara tatu mfululizo. New Zealand walijaribu, Uingereza ikawazima 19-7 katika nusu fainali ya 2019. Afrika Kusini itajaribu huko Australia, na mbio zao hazinipi wasiwasi. Wasiwasi wangu ni udakaji. Cheslin Kolbe, mfupi anayeruka na warefu akatoka na mpira, atatimiza miaka 34 mashindano yakiendelea. Wapinzani wote watapiga juu kuelekea upande wake, na kocha anapaswa kuanza sasa kumwandaa winga mwingine wa kuidaka mipira hiyo.