Kwa nini mgombea wa Roma alipaka chaki nguo yake?

Warumi wa kale waliugawa weupe mara mbili. Albus ulikuwa weupe uliopoa, usio na mng'ao. Candidus ulikuwa weupe unaometa, kama wa mwezi au theluji juani. Neno hili limetoka katika kitenzi candere, yaani kung'aa au kuwaka. Hata weusi waliugawa hivyo: ater uliofifia, niger unaong'aa.

Raia alivaa toga, vazi pana la sufu ambalo kwa asili lilikuwa jeupe tu. Aliyewania cheo aliisugua kwa chaki mpaka ikawa toga candida, ili aonekane kwa mbali katikati ya umati. Ndipo akaitwa candidatus, "aliyeng'arishwa". Lugha nyingi za Ulaya zinamwita mgombea hivyo mpaka leo. Mwanahistoria Livius anasimulia kwamba mwaka 432 KK ilipitishwa sheria ya kukataza watu kuzitia nguo weupe kwa ajili ya kuomba kura. Haikufua dafu: mwaka 64 KK Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, akiwa mgombea, alitoa hotuba inayojulikana kwa jina la vazi lenyewe, In toga candida.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kuiogopa sarufi ya neno candidus. Tunasema mtu mweupe, kitambaa cheupe, ua jeupe, wala hatujiulizi mara mbili. Kilatini, lugha ya Warumi, nacho hupatanisha, ila hubadilisha mkia badala ya kichwa: equus candidus (farasi, jinsia ya kiume), toga candida (ya kike), lilium candidum (yungiyungi, jinsia ya tatu). Hilo la mwisho ndilo jina la kisayansi la yungiyungi jeupe, Lilium candidum. Kisha mkia huonyesha pia kazi ya nomino katika sentensi: candidi ni "-a mweupe", candidum hutumika kwa mtendwa, candide kwa kumwita mtu. Ukihesabu jinsia tatu, umoja na wingi, na hali sita (yaani hizo kazi za nomino), unapata nafasi 36, lakini maumbo yanayoandikwa ni 13 tu, kwa kuwa mengi yanarudiwa.

Kutoka candere hiyohiyo Warumi walipata candela, mshumaa. Wagiriki wakaliazima, likaingia Kiarabu likawa qindil, nasi pwani tukalipokea: kandili.