Je, Wajua kwa Nini Diski ya Terabaiti 1 Huonyesha Gigabaiti 931?

Mtu anayenunua diski ngumu iliyoandikwa terabaiti 1 na kuichomeka kwenye kompyuta ya Windows huambiwa na skrini kwamba ana gigabaiti 931 tu. Wengi hudhani muuzaji amewapunja, au kwamba gigabaiti 69 zimemezwa na faili zilizofichwa. Ukweli ni kwamba hakuna hata baiti moja iliyopotea. Kiwanda na kompyuta vimepima kitu kilekile kwa vipimo viwili vyenye jina moja, kama gunia la mchele linalopimwa kwa pishi ndogo sokoni na kwa pishi kubwa nyumbani: hesabu ya pishi hupungua, ingawa punje ni zilezile.

Mtengenezaji wa diski huhesabu kama tunavyohesabu kilomita na kilogramu, ambako kilo ni 1,000, mega ni milioni, giga ni bilioni na tera ni trilioni. Kwa hiyo terabaiti yake ni baiti 1,000,000,000,000, na zote zimo. Windows huchukua idadi hiyohiyo, huigawanya kwa 1,024 mara tatu, hupata 931.32, kisha huandika mbele yake herufi GB.

Namba 1,024 ilitokana na RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi. Kila waya wa anwani, yaani waya unaosaidia kuonyesha ni chumba kipi cha kumbukumbu kinachotakiwa, una hali mbili tu, 0 au 1, na hivyo kila waya unaoongezwa huzidisha maradufu idadi ya vyumba vinavyoweza kufikiwa, hadi nyaya 10 zinapofikia vyumba 1,024. Kwa kuwa namba hiyo inakaribia 1,000, wahandisi walizoea kuiita kilo. Diski ngumu haina sharti hilo, kwa sababu ukubwa wake hutegemea sahani zake za sumaku na wingi wa vipande vinavyoweza kuandikwa juu yake.

Mazoea hayo hayakuwa na madhara makubwa enzi za kilobaiti, ambapo vipimo hivyo viwili vilitofautiana kwa asilimia 2.4. Lakini tofauti hukua kila hatua: karibu asilimia 4.9 kwenye megabaiti, 7.4 kwenye gigabaiti, na takriban 10 kwenye terabaiti. Ndiyo maana malalamiko yamezidi kadiri diski zilivyokua. Diski laini ya zamani, ile ya “megabaiti 1.44”, ilichanganya vipimo vyote viwili, kwani baiti zake 1,474,560 ni 1.44 mara 1,000 mara 1,024.

Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, iliidhinisha majina mapya, kibi, mebi na gibi, kwa ajili ya hesabu ya 1,024. Kwa kipimo hicho, diski yetu ina gibibaiti 931, ambazo kifupi chake ni GiB. Apple iliamua mwaka 2009, katika Mac OS X 10.6, kuhesabu kwa 1,000 kama viwanda. Windows haikufuata njia yoyote kati ya hizo. Kwa maoni yangu, kosa liko kwenye herufi zinazoandikwa kwenye skrini kuliko kwenye boksi, ingawa nchini Marekani walioshtakiwa ni watengenezaji wa diski: mwaka 2006 Western Digital ilimaliza kesi ya aina hiyo kwa kukubali kuwapa wateja programu ya kuhifadhi nakala bila malipo.

Mfumo wa kupanga faili nao huchukua nafasi kidogo, na kompyuta mpya huwa imetengewa sehemu ya kurejesha mfumo. Flashi bandia ni jambo jingine kabisa. Hiyo hurekebishwa ili itangaze ukubwa isiokuwa nao, hivyo namba kwenye skrini huonekana sawa, na faili huanza kuharibika pale nafasi ya kweli inapojaa. Njia ya kuibaini ni kuijaza yote, kisha kufungua tena faili zilizoandikwa mwishoni.