Guashi sio akriliki, na rangi za maji bado hujaziacha

Jumapili pale Dunga, ufukweni Kisumu, tumekaa na karatasi zetu tukichora mashua, dada mmoja mwenzetu akasema "mimi niliacha rangi za maji, siku hizi niko guashi, ni kama tu akriliki." Hiyo nimeisikia mara nyingi sana na kila mara inaniuma, juu mtu anaishia kununua kitu hakutaka.

Guashi ni unga wa rangi, maji na gundi ya mgunga, unga ukiwa mwingi, saa zingine na chaki ndani, mpaka rangi inafunika kilicho chini yake. Ni hivyo tu.

Sasa shida iko kwa gundi. Huo utomvu wa mgunga, ule mti wa miiba wa sehemu kavu, unatoka sana Sudan na hata huku kwetu Turkana unavunwa, na ndio huohuo uko ndani ya wotakala, yaani zile rangi za maji za kawaida. Ukikauka haujafa, ukipitisha brashi yenye maji unaamka tena, ndio maana ukipaka guashi juu ya guashi na mkono mzito ile ya chini inakuja juu na kila kitu kinakuwa tope. Akriliki ni plastiki, ikikauka imekauka. Na madukani kuna tyubu zimeandikwa guashi ya akriliki, inafunika na haing'ai kama guashi lakini gundi yake ni ile plastiki. Kijana mmoja tunayechora naye aliacha hiyo kwa paleti usiku akijua kesho ataiamsha na maji, asubuhi akapata mawe.

Hata jina lenyewe linakwambia. Gouache ni Kifaransa, wao walilitoa kwa Waitaliano, guazzo, yaani dimbwi, mahali maji yametuama, na ukirudi nyuma zaidi unafika aqua ya Kilatini, maji. Kwa hivyo mtu akiniambia guashi sio rangi ya maji namuonyesha tu jina. (Hapa kwetu maneno yanachanganyika pia kwa sababu ukienda hadwea useme rangi ya maji unapewa ya ukuta, lakini hiyo ni stori ingine.)

Na guashi na wotakala hazikuanza kukaa pamoja jana. Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani, mwaka wa 1502 alichora sungura wake kwa zote mbili, nyepesi chini, nzito juu, na yule sungura hadi leo unaona unywele mmoja mmoja.

Chenye kinabadilika kweli ni weupe. Kwa wotakala yangeyange akisimama kwa mafunjo lazima umuache karatasi tangu mwanzo, uzunguke yeye na kijani chote, ukikosea ameenda. Kwa guashi unachora mafunjo yote kwanza kisha unamweka yeye mwisho na nyeupe. Uzoee tu kwamba rangi hafifu zikikauka zinakolea kidogo na zile za giza zinapauka, hiyo ilinisumbua miezi.

Kwa hivyo dada, hujaacha rangi za maji. Brashi ni zilezile, mkebe wa maji ni uleule, hata zile tyubu zako za zamani usigawe, tandika nazo anga na ziwa kwanza halafu guashi ije juu. Na ukienda dukani soma tyubu vizuri, ikiwa na neno akriliki popote, rudisha.